Baada ya salamu ndipo ninapopotea

Watu wengi wameniomba niyaandike niliyoongea Jumamosi kuhusu usonji mbele ya wazazi na walimu hapa kwetu Ujiji. Mi sio mwandishi, ni fundi cherehani, kwahiyo nimeyaweka kama yalivyotoka mdomoni. Mengine nilikuwa nayo kwenye karatasi, mengine yalijileta yenyewe nikiwa nimesimama.

Asalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu shikamooni. Na nyie watoto mliojazana hapo dirishani, marahaba.

Haya, sehemu ninayoiweza imeisha. Mnacheka, lakini sitanii, hilo ndilo nililokuja kuwaambia leo, yani ningeweza kukaa saivi hotuba ikawa imeisha. Salamu naziweza sana. Nikikutana na mtu njiani najua shikamoo inafuatwa na marahaba, marahaba inafuatwa na hujambo, afu watoto, afu nyumbani, afu kazi, kila neno lina mwenzie linamsubiri kama kifungo na tundu lake, na sisi watu wa Kigoma salamu zetu hazina haraka, Muha akikusalimia na makofi anapiga, kwahiyo naweza kwenda na mtu dakika tatu nzima niko salama kabisa. Balaa linaanza salamu zikiisha. Pale mtu ananyamaza kidogo, anasubiri niseme kitu ambacho hakijapangwa na yeyote, hapo ndipo ninapopotea. Naangalia viatu vyake, naangalia mshono wa gauni lake, na mara nyingi nashtukia nimeshasema "pindo hili kashona nani, limepinda." Ndio maana nina marafiki wawili.

Nimezaliwa 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, kwahiyo mwenye hesabu apige mwenyewe. Nimeshaolewa, nimeshaachika, nimezaa, nimezika mama na baba, nina wajukuu watatu. Na mwaka jana tu, nikiwa bibi wa watu, daktari kaniambia nina usonji, na sio kwamba umeanza juzi, nimezaliwa nao.

Najua mkisikia usonji mnamuona nani. Mnamuona mtoto asiyeongea, anazunguka zunguka, anapiga kichwa ukutani, mama yake kamfungia ndani wageni wasimuone. Hata mimi nilijua ndio huo. Na upo wa hivo, na wanaoulea wanateseka kuliko mimi, sitaki mtu atoke hapa akasema yule bibi kadai usonji ni jambo dogo, mbona yeye anashona na kuongea. Ila upo na wa hivi. Madaktari siku hizi wanauita wigo, maana yake mpana, kama vile ukisema kitenge, kipo kizito kipo chepesi, kipo cha nta kipo kinachochuja rangi siku ya kwanza, vyote vitenge.

Ilivyoanza ni hivi. Mwanangu wa pili anaishi Dar, ana mtoto wa kiume, saivi ana miaka sita, namwita mume wangu kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wake. Mume wangu huyu alichelewa kuongea, na alipoanza akaanza na majina ya vituo vya daladala, vyote, kwa mpangilio, ukiruka kimoja analia mpaka anatapika. Mama yake akampeleka Muhimbili. Sasa daktari pale, binti mdogo tu, katika kuuliza maswali akauliza, kwenu kuna mtu mwingine wa namna hii? Mwanangu akasema hapana. Wakaendelea. Anapendaje kula? Hataki mchuzi uguse wali. Anafanyaje kelele zikizidi? Anaziba masikio anaingia uvunguni. Nguo? Lazima nikate lebo. Mwanangu anasema hapo kwenye lebo akaanza kucheka mwenyewe, cheko la kushindwa kujizuia, akamwambia daktari, samahani dokta, umenieleza mama yangu.

Jioni hiyo akanipigia simu. Mi nikakasirika. Nikamwambia mimi sio chizi, unataka nipelekwe Mirembe uzeeni? Nikakata. Kisha nikakaa kwenye cherehani nikajiangalia nilivyovaa, gauni nimeligeuza nje ndani kama ninavyovaa kila siku nikiwa peke yangu, maana mishono inanichoma. Miaka hamsini na kitu navaa nguo nje ndani nyumbani na sikuwahi kujiuliza wenzangu wanavaaje.

Nilichukua treni. Kwetu hapa ndio mwisho wa reli, mnajua, tangu Mjerumani aifikishe mwaka 1914, kutoka Dar ni kilomita zaidi ya 1,200. Watu wananionea huruma nikisema napanda treni, mbona basi linawahi, lakini mi ile treni ingechelewa wiki nisingelalamika. Inagonga reli kwa mapigo yale yale kama cherehani ya miguu, ta-ta-ta, unapita Uvinza, Kaliua, Urambo, Tabora wanakuletea asali dirishani, na hamna mtu anayekushangaa ukiangalia nje masaa sita bila kusema neno. Nilifika Dar nimepumzika kuliko nilivyoondoka.

Daktari nilikaa naye mara tatu. Hamna kipimo cha damu wala cha kupiga picha kichwa, ni maongezi. Kulikuwa na karatasi ya maswali 50, aliniambia yametungwa na watafiti wa Cambridge huko Uingereza, yalitoka 2001, na akanionya kwamba maswali sio jibu, ni mlango tu wa kuingilia. Na kweli ilibidi tuyashone upya, maana lipo moja linataka kujua kama ungependa kwenda maktaba kuliko kwenye sherehe. Nikamuuliza, maktaba gani, na sherehe ya nani? Kama ni ya wifi yangu basi maktaba, hata kama imefungwa. Lingine linauliza kama unatazama namba za magari. Nikamtajia namba za bodaboda zote za kijiwe cha karibu na kibanda changu, zile MC, pikipiki kumi na moja, na ipi iliuzwa mwezi gani. Akaweka kalamu chini.

Lakini alitaka pia mtu aliyenijua nikiwa mdogo, kwa sababu usonji hauanzi ukubwani, lazima uonekane tangu utotoni hata kama mwenyewe hujui. Mama hayupo. Tukampigia dada yangu mkubwa, ana miaka 70 na zaidi, simu ikawekwa sauti, nikasikia dada ananieleza kama vile sipo. Akasema huyu alikuwa anapanga chikichi. Mama akikamua mawese, huyu anakusanya kokwa anazipanga uani kwa ukubwa, kutoka kubwa mpaka ndogo, mstari unafika mpaka mlango wa choo, na ukisogeza moja tu hata kama amelala atajua. Akasema alikuwa hachezi kidali po, anasimama pembeni anahesabu wanaocheza. Akasema huyu ukimwambia nisubiri hapa, utamkuta hapo hapo hata kukinyesha.

Hilo la kusubiri nilieleze, maana linanichekesha mpaka leo. Sisi Waswahili mtu anaondoka anakwambia "nakuja." Anaenda zake, harudi, na kila mtu anaelewa kwamba kaaga. Mimi nilikuwa nasubiri. Nimewahi kumsubiri mwenzangu pale sokoni tangu saa nne mpaka kigiza kinaingia, kaniambia nakuja, kumbe kaenda kwao Kasulu. Na ile ya karibu chakula. Ukimkuta mtu anakula atakwambia karibu, na wewe unatakiwa useme asante nimetoka kula hata kama utumbo unalia. Mimi nikiambiwa karibu nanawa mikono. Nilikuwa nakula nyumba tatu kwa mchana mmoja, mtaa mzima wakamwambia mama huyu mtoto mnamnyima chakula? Nikachapwa. Sikuelewa nachapwa kwa nini, maana nimekaribishwa, na nimesema asante.

Sasa swali ambalo walimu mmeniuliza kabla hatujaanza, mbona hukujulikana mapema. Jibu lake ni refu kidogo na nusu yake ni adabu.

Nusu nyingine ni kwamba hata huko kwa wenzetu jambo lenyewe lilikuwa bichi. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika kuhusu watoto 11 aliowachunguza mwaka 1943, wanane wa kiume na watatu wa kike, mwaka uliofuata Hans Asperger naye akaandika ya kwake Vienna, ingawa kuna mama mmoja daktari wa Moscow, Grunya Sukhareva, alishawaeleza watoto wa namna hii tangu miaka ya 1920 na wengi hawakumsikiliza, basi mnaona wenyewe. Kitabu kikubwa cha madaktari wa akili wa Marekani kiliuweka usonji kama jambo linalojitegemea mwaka 1980. Mimi 1980 nina miaka 13, nimeshamaliza kupanga chikichi. Na katikati hapo walipoteza miaka mingi wakisema kosa ni la mama, kwamba mama ni baridi, hana mapenzi, wakawaita akina mama mafriji. Huku kwetu mama yangu hakuwa na hata hilo friji lenyewe, ila lawama zilimfikia vilevile, wakasema alipokuwa na mimba alikaa ziwani saa ya magharibi akaangaliwa na jini.

Kwahiyo nilipofika miaka kumi na minne, ilikuwa harusi, ngoma na tarumbeta, na mama mmoja anapiga vigelegele sikioni kwangu, nikaanguka chini nikaziba masikio nikapiga yowe. Basi. Ikawa nimepanda pepo. Nilinyweshwa kombe, nikafukizwa, nikapigiwa ngoma nyingine ili pepo atoke, yani mtu kaangushwa na ngoma anatibiwa kwa ngoma. Nilinyamaza siku nne. Wakasema ametoka. Siwalaumu, walitumia walichokuwa nacho, na mama aliuza doti tatu za khanga kulipia. Ila sikupona, nilijifunza kunyamaza, na hivyo ni vitu viwili.

Sasa adabu. Hapa naomba walimu mnisikilize vizuri.

Mtoto wa kike kwetu akiinamisha macho mbele ya mkubwa anasifiwa. Asipochangia maongezi anasifiwa. Akikaa ndani haendi kuzurura anasifiwa, mna mtoto nyie, ametulia, ataolewa mapema. Mimi nilisifiwa sana. Nilikuwa siwezi kumwangalia mtu machoni, macho ya watu ni kama taa ya karabai ukiisogelea, na hakuna aliyegundua kwa sababu nilitakiwa nisiangalie. Kaka yangu angekuwa hivo wangemshtukia siku ya kwanza, kwanini huyu dume hachezi na wenzake. Madaktari wamezoea kusema wavulana wanne kwa msichana mmoja, siku hizi wengine wanasema watatu kwa mmoja, na wanakubali kwamba wasichana wengi wanapitwa kwa sababu wanaiga. Kuiga ndio mwenyewe. Mimi nilikuwa na binti jirani, mchangamfu, nikamfanya kama patroni ya gauni, nikamkata mimi mwenyewe kwa kumfuatisha. Anavyocheka, anavyoshika kiuno, anavyosema "makubwa!" Nilifanya mazoezi chooni. Mpaka leo nikisema "makubwa" ni yeye yule, sio mimi.

Na adabu yenyewe inajigonga. Nyumbani naambiwa usinikodolee macho. Shuleni mwalimu anasema niangalie ninapoongea na wewe, na fimbo iko mkononi. Wewe mtoto unayefuata maneno kama yalivyo utafanyaje? Nilikuwa nachagua kumwangalia mwalimu sikioni.

Kuna la khanga lazima niliseme, dada yangu kanikataza nikashindwa. Nilipoolewa, wifi yangu mmoja akaniletea doti, nzuri, nyekundu na nyeusi, imeandikwa WAJIGAMBA UNA NINI. Mimi nikaangalia kitambaa. Pamba safi, rangi imeingia pande zote, pindo limenyooka. Nikaivaa. Nikaivaa msibani, nikaivaa sokoni, nikaivaa siku ya Iddi nyumbani kwake mwenyewe, na mbele za watu nikamshukuru, nikasema wifi khanga yako inanipenda, niletee na nyingine. Watu wakashika midomo. Mi nikajua wanaisifia khanga. Ilipita miaka, nimeshaachika tayari, ndio rafiki yangu akanieleza kwamba lile lilikuwa tusi, na kwamba mtaa mzima walijua nimemjibu wifi jibu zito ambalo hakuna aliyewahi kumjibu, mwanamke yule alinuna mwaka. Kumbe nimeshinda vita ambayo sikujua inapiganwa. Lugha yetu hii tamu jamani, ila imejaa vichochoro, mtu akitaka kukwambia ondoka anakuuliza kwenu hawajambo.

Mume wangu, yule wa ndoa sio mjukuu, alikuwa mtu wa mafumbo. Akiwa na hasira anasema "leo ziwa limechafuka." Mi natoka nje naangalia ziwa, narudi namwambia limetulia. Alijua namkejeli. Miaka tisa. Aliniacha kwa maneno mawili, alisema wewe ukuta. Hakuwa mtu mbaya. Angeniambia nina hasira na wewe kwa sababu hii na hii, ningekaa ningemsikiliza mpaka asubuhi.

Cherehani ndiyo iliyoniokoa. Nilianza na Singer ya mama ya mkono, saivi ninazo tatu na oveloki moja. Mnajua mafundi tulivyo, sifa yetu ni uongo, njoo kesho, njoo kesho, mpaka harusi inapita gauni halina mikono. Mimi siwezi kusema njoo kesho kama sio kesho. Nikisema Alhamisi saa kumi, nguo ipo Alhamisi saa kumi, na mwanzoni wateja walikuwa wanakuja Jumapili kwa sababu hawaamini. Sihitaji kumpima mtu mara mbili, akipita njiani nimeshaona bega moja limeshuka nusu inchi. Vitenge vya Kongo vikishushwa pale Kibirizi najua kwa kugusa tu ipi itachuja. Na hapo hapo ndipo ninapokosa hela, maana mteja akiuliza hii itanipendeza, namwambia haikupendezi. Mwanangu kaniandikia kwenye kadibodi, imebandikwa ukutani juu ya cherehani: MAMA, SEMA "TUANGALIE NA RANGI NYINGINE." Naisoma. Inasaidia.

Sasa nawaambia kitu ambacho sijawahi kukisema hadharani.

Mama alipofariki nilikata sanda mimi. Vipande vitano, kama inavyotakiwa kwa mwanamke, nilikata kwa mkono huu bila kupima kwa futi, na vilikaa sawa. Nje wanawake wanalia. Mnajua kilio chetu, kinaanza mmoja kinaitikiwa, na ndani nyumba ya bati, kila sauti inarudi mara mbili. Nilihisi ngozi inachanika. Nikatoka nikaenda nyuma chini ya mwembe, nikakaa na gunia la chikichi, nikaanza kupanga. Kubwa mpaka ndogo. Shangazi akanikuta. Sina haja ya kuwaeleza yaliyosemwa, nyie ni watu wa hapa, mnajua mwanamke ambaye mama yake yupo ndani na yeye yuko nyuma anachezea kokwa bila chozi anaitwa nani. Kuna nyumba mpaka leo wakipika pilau hawaniiti.

Nililia miezi minane baadae. Nilikuwa nachambua mabaki ya vitambaa nikakuta foronya mama alikuwa anaipinda kwa mkono, kafika nusu, sindano bado imechomwa pale alipoishia, na uzi wake. Nikalia kuanzia adhuhuri mpaka taa za wavuvi wa dagaa zimewaka ziwani. Peke yangu, mlango nimefunga. Hakuna aliyeona kwahiyo haikuhesabiwa.

Daktari aliponiambia, wengi mnadhani nilifurahi. Nilifurahi kama siku mbili. Nikajisikia kama mtu aliyekuwa anavaa viatu vya mguu wa kushoto miguu yote miwili na leo kaonyeshwa. Baada ya hapo ikaja hasira, mbaya, ya kurudi nyuma, nikawa usiku silali, nahesabu fimbo. Hii ya chooni, hii ya kula kwa watu, hii ya kombe, hii ndoa, hii ya mwembe. Nikawa nataka kwenda mlango kwa mlango na ile karatasi ya daktari niwaonyeshe. Nilienda mlango mmoja tu, kwa shangazi, ana miaka 80 na kitu. Akaiangalia karatasi, hajui kusoma, akaniuliza inasemaje. Nikamwambia inasema nilimpenda mama. Akanyamaza sana. Akaniambia karibu chakula. Na mimi nikanawa mikono, nikala, na hakuna aliyenichapa.

Haya, maswali mliyoandika kwenye vikaratasi, nayapitia haraka maana muda unaenda.

Mmoja kauliza chanjo ya surua, kama ndiyo inayoleta usonji. Hapana. Yule daktari Mwingereza aliyeleta maneno hayo 1998 aliandika kuhusu watoto 12 tu, na jarida lenyewe lililochapisha liliifuta ile ripoti 2010. Wapelekeni watoto chanjo, surua inaua, usonji hauui.

Mwingine kauliza utapona lini bibi. Siponi mwanangu, sio ugonjwa wa kupona, hamna dawa ya kuuondoa na mtu akikuuzia dawa ya usonji kakuibia. Mtoto anasaidiwa kuongea, anasaidiwa kujitegemea, kelele zinapunguzwa, hiyo ndiyo kazi. Na kuna dawa za mambo mengine yanayoongozana nao, kama kifafa au kukosa usingizi, hizo ni za daktari.

Mwingine kauliza tupo wangapi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwa mwaka 2021 ilikuwa mtu mmoja katika kila 127. Sensa yetu ya 2022 mkoa wa Kigoma tulikuwa milioni 2 na laki 4 na ushee. Gawanya. Ni hesabu yangu tu mi fundi, sio ya serikali, lakini inakuja kama elfu 19. Hao elfu 19 wako wapi? Wengine wamefichwa ndani, hao mnawajua. Wengine wako kwenye mitumbwi, wanajua kila nyavu ya nani. Wengine wanaitwa wana maringo. Mwalimu ukirudi darasani Jumatatu, yule msichana wa dawati la nyuma ambaye hajawahi kukusumbua, ambaye daftari lake mistari imenyooka na akiitwa jina anashtuka kama kapigwa, usimpige akuangalie machoni. Muulize swali ambalo lina jibu. Usimuulize "vipi?" Muulize jana ulikula nini. Atakwambia mpaka idadi ya dagaa.

Na mzazi mwenzangu, kama mtoto anakula migebuka kila siku na hataki kingine, mpe migebuka. Nimekula ugali wa muhogo na migebuka miaka hamsini, na mchuzi kwenye bakuli lake, na mnaniona nimesimama.

Kuna mama kaniandikia karatasi haina swali, imeandikwa tu "na mimi nageuza nguo." Nimeiona. Sikutafuti kwa macho, maana wote sisi wawili hatutapenda. Kibanda changu unakijua, asubuhi kabla ya saa tatu hamna mtu. Sio lazima tuongee, kuna vifungo vingi vya kupanga.

Mwenyekiti alinipa dakika arobaini na zimebaki mbili. Naona kreti za soda zinaingia na spika inaunganishwa, kwahiyo mimi natoka mlango huu wa pembeni kabla muziki haujaanza, nina sare kumi na mbili za Ijumaa. Msininunie. Na sitasema nakuja, kwa sababu sirudi.